Samaki wa Sahani Moja

Jikoni walimwita Bi Sijui, na jina hilo hakupewa bure. Ukimwuliza yule bwana mwenye kitambi anayemlisha msichana chipsi kwa uma, jana alikuja na nani, Bi Sijui atakutazama kwa macho makavu kana kwamba umemwuliza habari za mwezini. Hajui. Na yule mama mgeni mwenye kofia pana, na kijana aliyemshika mkono kama anamvusha barabara, wamefahamiana lini? Hajui hilo pia. Uongo wote huo aliusema huku akipanga vijiko, bila kutikisa hata ukope.

Kusema kweli, alijua kila kitu. Udadisi ulikuwa maradhi yake. Mama yake mzazi alikuwa akisema mtoto huyu akikuta chungu kimefunikwa halali mpaka akifunue, na utu uzima haukumponya. Kazi ile ya kuhudumia mezani ilimfaa kwa sababu vyungu vilikuwa vingi. Ubaya wake ni kwamba ukishachungulia, unatakiwa ukirudishe kifuniko na uape hukuona kitu.

Mkahawa ulikuwa ufukweni hasa, mchanga ukiingia mpaka chini ya kaunta. Usiku mji ule ulikuwa wa baa na muziki, na wageni waliokuja na miguu myeupe walitoka huko wameshikana viuno na watu wasiowajua. Mchana ndio wakati wa mkahawa. Waliokutana gizani walikuja kula samaki saa za jua, macho mazito, wakitazamana vizuri kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo Bi Sijui alipopata burudani yake. Wengine ilibidi waulizane majina wakisubiri soda.

Meneja alikuwa amewatengenezea watu hao utaratibu wao. Mgeni akija na mwenyeji, wanapelekwa meza ya ukingoni inayotazama bahari, linawekwa ua moja kwenye glasi, na samaki anakuja mmoja mkubwa kwenye sahani moja pana, uma mbili. Waliita samaki wa sahani moja. Meneja aliamini watu wakila sahani moja hawaharakishi kuondoka, na katika hilo hakukosea.

Utaratibu wa pili ulikuwa mkali zaidi. Mwenyeji akiingia na mgeni, hata kama ni jirani yako mnayegombania naye kamba ya kuanikia nguo, wewe humjui. Unamkaribisha kama ameshuka kwenye ndege leo. Sheria hiyo ilikuwa na chanzo chake, na Bi Sijui alikuwepo ilipozaliwa.

Zamani hizo alikuwa na mwenzake, mhudumu waliyemwita Kidoti kwa ajili ya doa dogo jeusi pembeni ya mdomo. Walikuwa chanda na pete. Kidoti alitoka na wageni kama wengi walivyotoka, na hakuna haja ya kulipaka jambo hilo sukari. Kisha akaja mgeni mmoja mwembamba, nywele mpaka mabegani, ambaye kila akitoka kivulini kwenda juani alipiga chafya mbili, lazima ziwe mbili. Jikoni wakambatiza Bwana Chafya. Kidoti akamwita hivyo mbele ya uso wake, akamfundisha kuitika "naam" kama mtoto aliyelelewa vizuri, na msimu ule wote hakuonekana na mwingine. Siku moja ya mapumziko yake alikuja naye kula, akakaa kama mteja, anatabasamu mpaka doa linapotea. Kijana wa kaunta wa wakati huo, mtu wa mzaha usio na breki, akawawekea glasi na kusema kwa lugha ya wageni, "Karibu tena, dada. Leo umebadilisha?"

Mgeni aliinuka, samaki yuko nusu. Hakurudi. Kijana wa kaunta alifukuzwa, meneja wa wakati huo akatunga sheria, na tumbo la Kidoti likaanza kuonekana.

Alizaa mtoto wa kike. Kila akimtoa uani kumwotesha jua, kichanga kilikunja uso na kupiga chafya mbili, na Kidoti alikuwa akicheka, "Msikie, anamwita baba yake." Bi Sijui alicheka naye, lakini moyoni alijisemea mtoto gani asiyepiga chafya. Kidoti mwenyewe alifariki mwaka juzi. Binti sasa alikuwa fundi cherehani nyuma ya soko, ndiye aliyeshona hata aproni za mkahawa, na Jumapili alikula kwa Bi Sijui, akimwita mama mdogo.

Siku tunayoizungumza ilianza na mvua. Mbingu ilishuka mpaka karibu na maji, na mkahawa ulikuwa na meza chache tu zenye watu. Bi Sijui alikuwa akifuta viti aliposikia mtu akikung'uta mwavuli mlangoni. Aliinua kichwa, moyo ukampasuka. Alikuwa yule binti, amevaa gauni la kijani aliloshona mwenyewe, na nyuma yake mzee mgeni, upara unang'aa, shati limebana tumboni.

"Shikamoo, mama mdogo," binti akasema. Uso wake wote ulikuwa unacheka.

Hebu fikiria. Mtoto uliyembeba mgongoni anakuamkia, na marahaba iko tayari kwenye ulimi. Bi Sijui aliimeza. Ilimkwama kooni kama mwiba, lakini aliimeza, kwa sababu alidhani anafanya wema. Alijisemea, kumbe na huyu naye, masikini, ameingia njia ya mama yake, basi angalau nisimharibie kama mama yake alivyoharibiwa.

"Karibuni sana," akasema kwa lugha ya wageni, na tabasamu la kazini. "Ni mara yenu ya kwanza kuja kwetu?"

Binti akaduwaa. "Mama mdogo, ni mimi."

"Umenifananisha, dada. Piteni huku, kuna meza nzuri inatazama bahari."

Akawapeleka meza ya ukingoni, akaweka ua. Mzee hakuitazama menyu. Alimwuliza polepole, kama mtu anayekanyaga ubao asioamini, "Huyu binti anasema unamfahamu. Anasema ulifanya kazi hapa na mama yake."

"Wafanyakazi wengi wamepita hapa, bwana," Bi Sijui akajibu. "Sijui."

Alilisema vizuri, tena kwa heshima, na njiani kurudi jikoni alijipongeza. Lakini alipogeuka kuchungulia, kama kawaida yake, aliona kitu ambacho hakukielewa. Mzee alikuwa amekunja mikono kifuani, anamtazama binti kama mtu aliyengojea jambo fulani tangu atoke kwao na sasa limefika. Binti alikuwa anatazama ua.

Mpishi alitoa kichwa kwenye dirisha la jikoni. Yeye na Bi Sijui walikuwa na mchezo wao wa kukisia meza ile, na aliyekosea alisugua masufuria. "Leo wa aina gani? Wa jana usiku?"

"Sio wa jana usiku. Wa jana usiku hugusana hata wakipitishiana chumvi."

"Basi wa miaka mingi. Wamechokana."

"Waliochokana hawatazamani. Hawa wanatazamana kwa kuibiana. Huyu akiinamisha kichwa, yule anamtazama. Yule akiinamisha, huyu anamtazama."

"Polisi na mwizi," mpishi akasema, akamgeuza samaki.

Bi Sijui aliwapelekea samaki wa sahani moja, uma mbili. Binti akaomba sahani yake ya pembeni, kwa sauti ndogo, na Bi Sijui akajifanya hakusikia, maana utaratibu ni utaratibu. Wakala. Mzee alikula upande wake, binti upande wake, katikati ya samaki pakabaki ukanda ambao hakuna uma uliovuka. Udadisi ulikuwa unamwasha Bi Sijui mpaka kwenye nyayo. Alifuta meza ya jirani mpaka ikachoka. Ni watu gani hawa? Hapakuwa na mkono juu ya mkono, wala kicheko, wala ile picha ya simu ambayo kila mtu hupiga na bahari.

Hatimaye binti aliinuka kwenda kunawa. Sinki lilikuwa kwenye ujia wa jikoni, na Bi Sijui akakumbuka ghafla kwamba taulo za huko zinahitaji kubadilishwa.

"Mama mdogo." Binti alikuwa ameacha bomba wazi, maji yanamwagika bure. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mwanangu. Nakusitiri. Unajua sheria ya hapa. Mtu akija na mgeni..."

"Unanisitiri na nani? Yule ni baba yangu!"

Bi Sijui alibaki na taulo mkononi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, alikuwa hajui kweli.

"Bwana Chafya?" akasema mwishowe. "Yule alikuwa na nywele. Alikuwa na kiuno."

Binti hakucheka. Alieleza kwa haraka, huku akichungulia mezani. Alimtafuta kwa picha ya zamani aliyoachiwa na mama yake, akaulizia mitandaoni mpaka akampata, akamwandikia. Mzee alijibu kwa mashaka, kwa kuwa alikwisha kuandikiwa na mwingine huko nyuma, ikawa uongo mtupu. Lakini alikuja. Amefika jana jioni, na kesho anaondoka. "Aliniambia, nipe mtu mmoja tu anayetukumbuka mimi na mama yako. Mmoja. Nikamwambia yupo, hata usiwe na wasiwasi, twende ukale kwake. Sikukwambia mapema, mama mdogo, nilitaka nikuletee kama zawadi."

Hapo Bi Sijui aliona aibu ya kutosha watu kumi. "Nakwenda kumwambia sasa hivi."

"Umwambie nini?" Binti alimshika mkono. "Ametuona. Ameona nimekufuata huku. Ukienda sasa ukabadilisha maneno atasema nimekupanga. Basi, acha. Umeshasema hunijui."

Akafunga bomba, akarudi mezani.

Bi Sijui aliegemea ukuta. Binti alikuwa sahihi, mzee alikuwa amegeuza kiti kabisa kuelekea ujia. Na kulikuwa na jambo jingine lililomkereketa, ambalo asingethubutu kumwambia binti. Yeye mwenyewe alikuwa na hakika? Kabla ya Bwana Chafya walikuwepo wengine. Kidoti aliapa mtoto ni wa yule, lakini Kidoti aliapa pia kwamba anajua kuogelea, na ilibidi waende kumvuta. Na huyu mwenye upara ndiye? Picha ya zamani si kitu, wageni wembamba wenye nywele ndefu walikuwa wamejaa mji mzima miaka ile.

Kisha akakumbuka zile chafya mbili za juani. Akatoka mpaka ukingoni akatazama juu. Mawingu kama blanketi la wagonjwa. Wageni hawa walikuja na mvua, jana walikutana jioni. Jua lilikuwa halijawakuta pamoja hata mara moja.

"Mpishi," akasema kwenye dirisha, "nisaidie niwacheleweshe."

"Kwa nini?"

"Nataka jua litoke."

Mpishi alimtazama kama anapima homa. Lakini alikuwa mtu mwema, na hakuna kitu mpishi anachokijua kama kuchelewesha chakula. Mzee alipoomba bili, Bi Sijui alileta matunda ambayo hawakuagiza. Matunda yalikatwa moja moja, na nanasi lilichukua muda wa kuchinja ng'ombe. Walipomaliza, alileta kahawa, zawadi ya mkahawa. Kahawa ikaja bila sukari, sukari ikaja bila kijiko, kijiko kikaja kikaanguka, ikabidi kifuatwe kingine. Binti alimwangalia kwa macho ya kuuliza, umepatwa na nini. Meneja alipita, funguo zikimlia kiunoni.

"Bi Sijui, meza ile imekaa sana na haiagizi."

"Mvua, meneja. Utawatoa watu kwenye mvua?"

"Mvua imekatika."

Kweli ilikuwa imekatika. Mzee alikuwa amesimama, ameweka noti chini ya glasi ya ua, anamwambia binti kitu kifupi cha kistaarabu, kile ambacho watu huambiana kwenye mazishi ya mtu wasiyemfahamu. Bi Sijui alitazama mbinguni mara ya mwisho. Upande wa maji blanketi lilikuwa limepasuka.

"Huku, tafadhali," akawaambia, akawazibia mlango wa barabarani wenye kivuli kwa mwili wake na trei. "Huko pamelowa. Piteni ngazi za ufukweni."

Mzee alitangulia, binti nyuma yake. Wakati ule ule jua likatoka lote, likapiga juu ya mchanga uliolowa mpaka ukawa kama kioo. Mzee alishuka ngazi moja, akasimama. Akainua kidevu. Uso ukajikunja, akatafuta kitambaa mfukoni, hakukiwahi.

Chafya. Chafya.

Na kabla hajafuta pua, nyuma yake, nyembamba zaidi lakini za ukoo ule ule: chafya, chafya.

Mzee aligeuka. Alimtazama binti aliyekuwa bado amefumba macho, machozi ya chafya yanamtoka, mkono puani. Alimtazama kama mtu aliyeitwa na hajui sauti imetokea wapi. Na Bi Sijui, aliyefanya kazi ya kutojua mpaka ikawa jina lake, alijikuta amepaza sauti, mkahawa mzima unasikia.

"Bwana Chafya!"

"Naam," akaitika mzee.

Aliitika kwa Kiswahili kabla hajajua kwamba amefungua mdomo. Kisha akakaa palepale kwenye ngazi iliyolowa, na suruali yake nyeupe.

Kwenye meza ya pili, msichana mmoja wa wigi jekundu, aliyekuja na mgeni wake, alijifunika uso kwa menyu, maana sheria ikivunjwa kwa mmoja nani anajua itaishia wapi. Meneja alikuja mbio.

"Bi Sijui! Unawajua hawa watu?"

"Nawajua," akasema. "Huyu binti namjua tangu hajaota meno. Mama yake alikuwa Kidoti, rafiki yangu, na alihudumia meza hizi kabla wewe hujajua kushika trei. Na huyu namjua pia. Alimwacha Kidoti kwenye meza hiyo hiyo, samaki yuko nusu."

"Tutaongea jioni," meneja akasema.

"Tutaongea."

Akashuka ngazi, akamrudia mzee maneno yale yale kwa lugha yake, bila kupunguza lile la samaki. Mzee alisikiliza akiwa ameshika goti. Kisha akauliza alichotaka kuuliza miaka yote hiyo. "Yule kijana wa kaunta. Alichosema kilikuwa kweli?"

Bi Sijui angeweza kusema hajui. "Kabla yako walikuwepo wengine," akasema. "Na wewe kabla yake ulikuwa na wengine, ila hakuna mtu wa kaunta aliyekuuliza. Ulipoondoka hakukaa tena meza ile na mtu. Alikuwa akimtoa mtoto juani makusudi, apate kusikia hizo chafya zako."

Mzee alifunika uso kwa kitambaa alichokipata sasa, kimechelewa. Alipokiondoa aliomba, kama inawezekana, warudi ndani wakae tena. Akamwuliza binti akae upande gani, na binti akamwonyesha kiti.

Bi Sijui aliwatangulia. Aliliondoa lile ua, akaenda kulichomeka kwenye kopo la vijiko, mahali pasipo na maana yoyote. Aliiondoa ile sahani pana yenye mifupa, akaleta mbili, za kawaida, moja moja. Mpishi alikuwa ameshatia samaki mwingine motoni bila kuambiwa.

Binti alikuwa bado amesimama kando ya kiti chake. Hakuwa amemtazama Bi Sijui tangu kule kwenye sinki, na Bi Sijui alijua kwamba jambo la baba limekwisha kupata njia, lakini hili lao wawili halijapata. Alisimama mbele yake na trei tupu. Alitaka kuomba radhi, na maneno yote yakawa madogo.

Binti akashusha pumzi. Kisha akainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyeingia mlangoni sasa hivi na mwavuli wake, na kuanza upya.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu," akasema Bi Sijui, kwa sauti ambayo hata waliokuwa kwenye maji waligeuka. "Marahaba."